Anayelipa kwanza ndiye asiyeaminika

Duka la kona mtaani kwetu hapa Leicester hufungwa saa nne usiku. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, aliyetoka Uganda mwaka 1972 pamoja na maelfu ya wenzake waliofukuzwa na Idi Amin, na Kiswahili chake bado kimemkaa mdomoni. Nikimkabidhi ufunguo wangu wa plastiki wa kununulia umeme huniuliza, "Ngapi leo?" Nikisema kumi, anauchomeka kwenye mashine, mashine inalia, ananirudishia pamoja na risiti. Nyumbani nainama chini ya ngazi ilipo mita, nachomeka ufunguo uleule, nangoja namba zipande. Gesi nayo ina kadi yake na foleni ileile. Njia hiyo niliikanyaga miaka minne, kwa mvua na kwa theluji, mpaka nilipoamua kuomba nihamishiwe kwenye mita ya bili.

Nilidhani ni suala la kupiga simu moja. Lilichukua miezi mitatu. Katika miezi hiyo nilielewa jambo ambalo ndilo limenifanya niandike: Uingereza, mtu anayelipia umeme kabla hajautumia huhesabiwa kuwa mtu wa kutiliwa shaka, na anayetumia kwanza akalipa baadaye ndiye mteja wa kuaminiwa. Mfumo mzima umesimama juu ya fikra hiyo, na wanaoumia zaidi ni wageni, wapangaji na wenye kipato kisichotabirika, yaani wengi wetu.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda akashangaa. Tanzania, LUKU, kwa kirefu Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, iko tangu miaka ya 1990 na haina tabaka. Nyumba ya Masaki ina LUKU, chumba cha kupanga Mbagala kina LUKU. Kenya nako tokeni zimeenea. Namba 20 zinaingia kwenye simu, unazibonyeza, taa zinawaka. Watu wazima wanaokumbuka bili za makadirio, ambapo mtu hufunga nyumba akasafiri na akirudi anakuta deni la mwezi mzima, waliipokea mita hiyo kwa mikono miwili. Kwa hiyo Mtanzania anayepanga nyumba Birmingham au Reading, akafungua kabati na kukuta mita ya ufunguo, hujiona amefika kwao. Haulizi. Tena hushukuru: hakuna deni, hakuna barua za kutisha, unatumia ulicholipia.

Nami nilishukuru hivyohivyo. Ilinichukua muda kujua kwamba chombo kinaweza kufanana na cha kwetu kwa sura na kikawa na kazi nyingine kabisa.

Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni za gesi za Uingereza zilianza kufunga mita za sarafu katika nyumba za wafanyakazi. Ulitumbukiza peni moja, gesi ikatoka kwa kiasi cha peni hiyo, ikakata. Baadaye sarafu ikawa shilingi, na wazee wa huku bado wanakumbuka kuhangaika usiku wakitafuta shilingi ya mita. Sarafu zikaondoka, zikaja funguo na kadi, na sasa kuna mita janja ambazo unaziongezea salio kwa simu. Walengwa hawakubadilika. Tangu siku ya kwanza mita hiyo ilikuwa ya nyumba ambazo kampuni haikutaka kuzikopesha. Leo kaya takriban milioni 4 zinaitumia, na katika nchi ambayo wengi hukatwa benki kila mwezi bila hata kuinua simu, kuwa na ufunguo wa umeme mfukoni ni alama. Wengine waliukuta katika nyumba ya kupanga. Wengine waliwekewa kwa sababu ya deni. Wapo pia walioutaka wenyewe, na nitarudi kwao.

Ireland ya Kaskazini ni hadithi nyingine: soko lake la umeme lina msimamizi wake, mita za kubonyeza namba kama zetu zimeenea katika nyumba za kila aina, na wanaozitumia wamezoea kupewa punguzo dogo. Kumbe inawezekana, ndani ya ufalme huohuo, kulipia kabla bila kudharauliwa.

Kwa miaka mingi hoja ya kuhama ilikuwa bei. Wenye mita za ufunguo walitozwa zaidi kwa umeme uleule, na hiyo ilikuwa dhuluma ya mchana kweupe. Aprili 2017 mita hizo zikawekewa bei kikomo. Januari 2019 kikomo kikawafikia wateja wengine wasio na mkataba wa bei maalumu, lakini tofauti ikabaki. Julai 2023 serikali ikaanza kuifidia tofauti hiyo, na Aprili 2024 Ofgem, msimamizi wa soko la nishati la England, Scotland na Wales, ikasawazisha baina ya makundi ya wateja ada ya kila siku, ile inayotozwa hata usipotumia kitu. Matokeo yake, chini ya kikomo hicho, mwenye mita ya kulipia kabla sasa analipa pungufu kidogo kuliko anayekatwa benki. Anayebanwa zaidi ni wa tatu, yule anayengoja bili ifike ndipo aende kulipa mwenyewe. Huyo kwa mwaka huwazidi wenzake kwa zaidi ya pauni 100.

Nimelisimulia hili kwa sababu bado nawasikia watu msikitini na kwenye vikao vya harusi wakiambiana, "Toka kwenye ufunguo, unaibiwa." Kwa bei ya uniti, hoja hiyo imepitwa na wakati. Kinachobaki ni kwamba ofa za bei maalumu, ambazo mara nyingine hushuka chini ya kikomo, kwa wenye mita za ufunguo ni chache mno. Lakini hata hizo zisingetosha kumfanya mtu ahangaike miezi mitatu. Hoja yangu mimi ni nyingine: siku pesa zinapochelewa, nani anamngoja nani?

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilikwenda Tanga kumzika baba mdogo, nikakaa wiki sita. Niliporudi ilikuwa usiku, nimechoka, nataka kuoga maji ya moto nilale. Boila haikuwaka. Nikakumbuka gesi, nikakimbilia dukani kabla halijafungwa, nikaweka pauni 10. Nikarudi, nikachomeka kadi. Skrini ikanionyesha kwamba bado nadaiwa. Sikuwa nimewasha hata jiko la chai kwa siku 42, lakini ada ya kila siku ya gesi, karibu peni 30, ilikuwa ikijihesabu gizani siku baada ya siku, ikapita pauni 12. Pauni zangu 10 zilimezwa zote. Duka lilikuwa limefungwa. Nikaoga maji baridi, na mwezi wa nane wa Leicester maji ya bomba yanauma.

Ada hiyo ya kila siku, ya umeme na gesi kwa pamoja, hufika karibu pauni 300 kwa mwaka, utumie usitumie. Mwenye mita ya bili naye anatozwa ileile. Angekuwa amesafiri yeye, zile pauni 12 zingeandikwa kwenye bili yake, zingelipwa mwisho wa mwezi, na usiku ule angefungua bomba la maji ya moto akaoga. Deni ni moja. Kwake kampuni inangoja; kwangu nilingoja mimi, na nilingojea baridini.

Tanzania tuliwahi kuwa na ada ya huduma ya kila mwezi kwenye LUKU, ikaondolewa mwaka 2016, na nakumbuka furaha ya watu wa kipato cha chini waliokuwa wakinunua umeme wa elfu tano wakapata uniti za kubembeleza. Kisha mwaka 2021 kodi ya jengo ikaanza kukatwa kupitia manunuzi ya LUKU, wapangaji wakapiga kelele kwamba wanalipishwa kodi ya nyumba zisizo zao. Walikuwa na haki ya kupiga kelele. Walichokigundua ni kwamba mita ya kulipia kabla ni mtoza ushuru asiyelala: kila ujapo kununua mwanga, anakudai kwanza kile ambacho mwingine ameamua unadaiwa. Huku, kampuni humpangia mtu deni lake kwenye mita, na kila akiongeza salio, sehemu inakwenda kwenye deni la zamani. Mama mwenye pauni 10 za wiki nzima anapata umeme wa pauni 6 au 7. Hakuna wa kumwambia, "Wiki hii sina, nichukulie wiki ijayo." Mita haina masikio.

Kuna mkopo wa dharura, kwa kawaida pauni 5 hadi 10, ambao mita hukupa salio likiisha. Kuna pia saa ambazo mita haikati, usiku na mwisho wa wiki. Vitu hivi vinasaidia. Lakini mkopo huo hurudishwa wote mara unapoweka pesa tena, pamoja na ada za siku zilizopita, na aliyekauka Ijumaa huamka Jumatatu akiwa kwenye shimo lililochimbwa zaidi.

Januari 2023 shirika la ushauri la Citizens Advice lilitoa takwimu ambazo ziliitikisa nchi: mwaka 2022 watu milioni 3.2 waliishiwa salio kwenye mita kwa sababu hawakuweza kuongeza. Mtu mmoja kila sekunde 10. Wakati huohuo idadi ya nyumba ambazo kampuni zenyewe zilizikatia umeme kwa sababu ya deni ilikuwa karibu na sifuri, na imekuwa hivyo kwa miaka. Zilinganishe takwimu hizo mbili. Kampuni haimkatii mtu tena. Inamwekea mita, kisha mtu anajikatia mwenyewe. Hakuna fundi aliyekuja, hakuna barua iliyoandikwa, hakuna ofisi iliyojibu. Mtoto amelala na koti, na katika vitabu vya kampuni nyumba ile ina umeme.

Wiki chache baadaye likaja la mita za kulazimishwa. Gazeti la The Times, mwanzoni mwa Februari 2023, lilifichua jinsi wakala wa madeni waliotumwa kwa niaba ya British Gas walivyokuwa wakivunja kufuli na kuingia katika nyumba za watu wanyonge, wakiwemo wenye watoto wadogo na wagonjwa, kufunga mita za kulipia kabla. Hati za kuingia zilikuwa zikitolewa na mahakama za mwanzo kwa mafungu, bila mwenye nyumba kuwapo. Ofgem ikazitaka kampuni zisimamishe kazi hiyo, na tarehe 6 Februari Jaji Edis akaziamuru mahakama ziache kupanga maombi ya hati hizo. Masharti mapya yalianza kuwa ya lazima Novemba 2023: kampuni ijaribu kuwasiliana na mteja angalau mara 10, imtembelee kuangalia hali yake, isilazimishe mita katika nyumba yenye mtoto chini ya miaka 2, wala kwa mzee wa zaidi ya miaka 75 asiye na msaada, wala kwa anayetegemea kifaa cha tiba kinachotumia umeme. Mei 2025 Ofgem ikatangaza kwamba kampuni nane zitawafidia na kuwafutia madeni wateja karibu 40,000 waliowekewa mita isivyostahili, jumla pauni milioni 18.6.

Ni hatua, nami sizidharau. Lakini masharti hayo yanamlinda mtu asiingizwe. Aliyekwisha kuingia, na hasa aliyeikuta mita ukutani alipopewa funguo za nyumba, hayamsaidii kutoka.

Fikiria pia yale majira ya baridi ya 2022 na 2023, serikali ilipompa kila mteja pauni 400 za kupunguza makali ya bili. Mwenye mita ya bili alipunguziwa moja kwa moja kwenye hesabu yake, mwezi kwa mwezi, bila kuinuka kitini. Mwenye ufunguo wa zamani alitumiwa vocha, kwa posta au kwa ujumbe wa simu, aipeleke mwenyewe posta au dukani, tena kabla haijapitwa na muda. Mlango ulifungwa tarehe 30 Juni 2023 na vocha nyingi hazikuwahi kukombolewa. Kwenye jengo letu nilizikuta bahasha tatu kwenye ngazi, zimekanyagwa pamoja na matangazo ya piza. Msaada uliotangazwa kuwa wa wote ulimfikia kwa urahisi zaidi yule aliyeuhitaji kidogo.

Sasa nirudi kwenye simu yangu. Kampuni iliyokuwa ikiniuzia umeme na gesi ilinijibu kwa adabu. Sina deni? Sina. Nina akaunti ya benki? Ninayo. Basi wataangalia rekodi yangu ya mikopo. Baada ya siku mbili jibu likaja: rekodi haitoshi, niweke dhamana ya pauni 150 au niendelee na ufunguo. Nikamuuliza dada wa kwenye simu, "Miaka minne nimewalipa kabla sijatumia. Hamjawahi kunidai hata peni. Hiyo si rekodi?" Akanyamaza kidogo. Akasema, "Hiyo haiingii kwenye mfumo, sir."

Haiingii kwa sababu rekodi ya mikopo hurekodi mikopo. Anayekatwa benki kila mwezi kwa bili ya umeme anahesabiwa anakopeshwa na anarudisha, na uaminifu wake unaandikwa. Anayelipia kabla hakukopeshwa kitu, hivyo hakuna cha kuandika. Anaweza kulipa miaka 20 bila kukosa na akabaki mgeni machoni pa benki, pa kampuni ya simu, pa dalali wa nyumba. Mita ile inamzuia asionekane, kisha inatumia kutoonekana kwake kumzuia asitoke. Hapo ndipo ninapokasirika, na sioni aibu kusema nimekasirika.

Mlango mmoja nilioambiwa na rafiki wa Kikenya ulinisaidia, na ninauandika kwa faida ya wengine. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kujiandikisha kupiga kura huku, na kuwemo kwenye daftari la wapigakura ni moja ya vitu vya kwanza ambavyo wakaguzi wa mikopo huangalia. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zimo katika Jumuiya hiyo. Mrundi au Mkongo anayeishi England hana njia hiyo mpaka apate uraia. Nilijiandikisha, nikangoja, nikaomba tena. Mara ya pili dhamana haikutajwa.

Wenye mita janja wana nafuu kubwa: mita hiyohiyo hugeuzwa kutoka kulipia kabla kwenda kwenye bili kwa amri inayotumwa kutoka kampuni, hakuna fundi anayekuja. Mwenye ufunguo au kadi ya zamani hupangiwa fundi, na mara nyingi huwekewa mita janja. Kampuni kubwa kwa kawaida hazitozi kwa kazi hiyo. Ukiwa na deni watakwambia ulimalize kwanza, ingawa unaweza kuomba mpango wa kulipa kidogo kidogo. Mwenye ugonjwa au ulemavu unaofanya mita ya kulipia kabla iwe hatari kwake, kwa mfano hawezi kuifikia au dawa yake inakaa kwenye friji, aliseme hilo mwanzoni kabisa mwa simu, kwa sababu hapo kampuni ina wajibu na si hiari. Mpangaji anayelipa umeme mwenyewe ana sauti katika jambo hili, ila amwarifu mwenye nyumba. Na siku ya mabadiliko piga picha: namba za mita ya zamani, salio lililobaki kwenye ufunguo, namba za mita mpya. Salio hilo ni lako, lidai. Malalamiko yakikaa wiki 8 bila kutatuliwa, yapeleke kwa Energy Ombudsman, mpatanishi huru asiyetoza chochote.

Wapo wasiotaka kuhama, na hawakosi akili. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kizanzibari wa miaka sitini na kitu, nilipomweleza habari hizi alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "mimi sitaki barua za watu. Hapa naona pesa yangu ikiingia na naona ikitoka. Hao wakikukata benki wanakata wanavyotaka." Anasema kweli zaidi ya wataalamu wengi. Kampuni hukadiria matumizi ya mwaka, ikagawa kwa 12, ikachukua. Ikikadiria juu, pesa zako hukaa kwao miezi ya kiangazi. Ikikadiria chini, unashtukizwa na deni. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi anaweza kuvumilia mambo hayo. Anayefanya kazi za zamu, leo ameitwa kesho hakuitwa, makato ya benki yanaweza kumkuta akaunti iko tupu, benki ikamtoza juu yake.

Kwa hofu hiyo nina jibu la nusu. Unaweza kuomba ukatwe kwa ulichotumia mwezi ule badala ya wastani wa mwaka; kampuni nyingi zinakubali, ingawa hawalitaji mpaka uulize. Tuma namba za mita kila mwezi ili wasikadirie. Na tangu 2018 kampuni hairuhusiwi kumdai mteja wa nyumbani umeme au gesi aliyotumia zaidi ya miezi 12 iliyopita kama kosa la kutomtumia bili ni lao. Ukikwama, kampuni inatakiwa izungumze nawe kuhusu uwezo wako kabla ya kuchukua hatua yoyote. Hayo mazungumzo ndiyo thamani ya mita ya bili. Ni haki ya kusema "nimekwama" na mtu akawajibika kusikia, huku jiko likiendelea kuwaka. Yule mama alikuwa akiogopa barua. Mimi nilikuwa nimejifunza kuogopa kimya cha mita.

Ninachokidai kwa Ofgem na kwa serikali hakihitaji teknolojia mpya. Mteja aliyelipia kabla kwa miezi 12 bila deni apewe mita ya bili akiiomba, bila dhamana na bila kukaguliwa rekodi ya mikopo. Malipo yake ya nyuma yapo kwenye kompyuta za kampuni, kila pauni na tarehe yake. Kama kampuni inaweza kuyatumia kumhesabia ada ya siku 42, inaweza kuyatumia kama ushahidi kwamba ni mlipaji. Na ada ya kila siku isijilimbikize kwenye mita ya mtu ambaye salio limekwisha. Ihesabiwe pembeni, alipe akiwa ameshawasha moto. Zaidi ya hayo, kuishiwa salio kuhesabiwe kuwa kukatiwa, kuandikwe kwa jina la kampuni, kuchapishwe kila mwaka. Nina hakika namba zikianza kuandikwa hivyo, simu za kuomba kuhama zitapokelewa kwa haraka zaidi.

Mwezi uliopita yule mama alinigongea mlango. Alikuwa amefikiri. "Gesi nihamishie," akasema. "Umeme uniachie na ufunguo wangu, nauona." Nikamwambia, "Mama, boila bila umeme haiwaki. Ufunguo ukikauka usiku, hata gesi ya bili haitakusaidia." Akasimama pale mlangoni, mkono kwenye kanga, akitazama kabati la mita chini ya ngazi kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. Kisha akaketi kwenye kiti cha jikoni, akatoa simu yake, akanipa. "Haya, piga. Lakini utatafsiri kila neno, hata lile dogo."

Tulikaa dakika 40 kwenye foleni ya simu. Swali la kwanza lilikuwa jina, la pili anwani, la tatu kama ana deni. La nne lilikuwa rekodi ya mikopo. Nikamtafsiria. Mama akashuka kwake, akarudi na boksi la viatu, akalimimina mezani: risiti za duka la kona, miaka tisa, zimefungwa kwa raba, mwezi kwa mwezi. "Mwambie," akasema, "ninazo zote."